Spitfire isilie kama bodaboda: kuipa ndege ya kivita mlio wa injini yake

Ukiniletea faili la sauti la ndege ya simuleta, yaani mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, na kuniuliza, "Bro, hii inaikaa Spitfire?", nitakujibu kwa swali: Spitfire ipi? Ndege hiyo ya kivita ya Waingereza ina matoleo (Mk) mengi. Ile ya mwaka 1940 ina injini ya Rolls-Royce Merlin na propela ya mapanga matatu. Mk IX ina Merlin ya baadaye yenye supachaja (pampu inayoshindilia hewa kwenye injini) ya hatua mbili, na mapanga manne. Mk XIV haina Merlin kabisa. Ina Griffon ya lita 36.7, mapanga matano, na propela yake inazunguka kinyume na zile za mwanzo. Halafu kuna P-51D Mustang, ndege ya Wamarekani yenye umbo jingine kabisa, lakini ndani imebeba Merlin iliyoundwa kwa leseni na Packard. Mlio unafuata injini, propela na ekzosi. Jina lililoandikwa kwenye menyu ya mchezo halilii.

Mimi ni fundi mitambo ya muziki. Ijumaa mpaka Jumapili utanikuta nyuma ya mikisa kwenye kumbi za harusi, wiki hii Sinza, wiki ijayo Tabata au Mbagala. Katikati ya wiki, umeme ukiwepo, narusha ndege za Vita vya Pili vya Dunia kwenye kompyuta ya mezani niliyoiunga mwenyewe kwa vifaa vya Kariakoo. Vijana wa mtaani kwetu Kipawa wanaoruka nami huniletea ndege walizopakua, na lalamiko lao halibadiliki: ndege nzuri, rangi nzuri, mlio wa bodaboda. Tabia niliyoitoa ukumbini ndiyo inayonisaidia hapa. Sauti naigawa kwa masafa kwanza, kuipenda au kuichukia ni baadaye.

Tabaka nne

Ndege ya propela haina sauti moja. Kuna milipuko ya silinda inayotokea kwenye ekzosi. Kuna mapanga ya propela yanayokata hewa. Kuna supachaja na gia zake, huo ndio mluzi mwembamba unaopanda juu ya vingine. Na kuna upepo, ambao ndege ikishika kasi hufunika karibu kila kitu ukiwa umekaa ndani. Mtu akichukua rekodi moja akaivuta juu na chini kufuata mwendo wa injini, anazivuta tabaka zote nne kwa pamoja, wakati kila moja ina bosi wake.

Sikio la kuzitenganisha unaweza kulifundisha bure hapa hapa Dar. Nenda Kipawa au Kiwalani asubuhi, ndege ndogo zinapopaa kuelekea Zanzibar. Cessna Caravan ina injini ya tabaini, haina silinda hata moja. Ukiacha mluzi wa tabaini yenyewe, ule mngurumo unaoupata kifuani ni propela peke yake. Subiri mpaka ipite ndege ndogo ya pistoni, Cessna 206 kwa mfano, usikie tofauti: sasa kuna milipuko imepanda juu ya ule mngurumo. Ukishazisikia mbili hizi kila moja kivyake, hutazichanganya tena.

Kikokotoo kabla ya hedifoni

Injini tunazozizungumzia ni za mipigo minne, yaani kila silinda inalipuka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, mhimili mkuu wa injini. Chukua mizunguko kwa dakika, gawa kwa 60, zidisha kwa nusu ya idadi ya silinda. Merlin ina silinda 12 na kikomo chake cha kawaida ni mizunguko 3,000. Hiyo ni 50 mara 6, unapata Hz 300, yaani milipuko 300 kwa sekunde. Ndiyo noti ya ekzosi.

Propela haiendi kwa mwendo wa krenki. Katikati kuna gia ya kupunguza, na kwa Spitfire Mk I uwiano wake ni 0.477. Mizunguko 3,000 ya krenki inakuwa 1,431 ya propela. Gawa kwa 60, zidisha kwa mapanga matatu, unapata karibu Hz 72. P-51D ina uwiano wa 0.479 na mapanga manne, kwa hiyo ni karibu Hz 96. Angalia hapo: noti ya ekzosi ni moja, 300 kwa zote mbili, lakini propela zimepishana kwa hatua tano za vitufe vya kinanda ukihesabu na vyeusi. Aliyechukua mlio wa Mustang akaubandika kwenye Spitfire ya 1940 hajakosea injini. Amekosea mapanga, na sikio linashtuka hata kama mwenye sikio hajui kwa nini.

Bf 109 G ya Wajerumani ina Daimler-Benz DB 605, silinda 12 zilizopinduliwa vichwa chini, lita 35.7. Kwa mizunguko 2,800 ekzosi inatoa Hz 280. Gia yake ni 1.685 kwa 1 na mapanga ni matatu, kwa hiyo propela iko kwenye Hz 83. Fw 190 A, ya Wajerumani pia, ina BMW 801, silinda 14 zilizopangwa duara kwa safu mbili, na kwa mizunguko 2,700 unapata Hz 315. Corsair F4U-1 ya Wamarekani inatumia Pratt & Whitney R-2800 ya silinda 18: kwa mizunguko 2,700 ni Hz 405 kwenye ekzosi, na kwa kuwa propela inakwenda nusu ya mwendo wa krenki na ina mapanga matatu, huko chini uko kati ya Hz 67 na 68. P-47 ina injini ya ukoo huohuo na gia ya nusu vilevile, ila mapanga ni manne, hivyo Hz 90. Mimi namba hizi nimeziandika kwa kalamu ya maka na kuzibandika ukutani juu ya skrini.

Jambo moja kuhusu injini za V, zenye safu mbili za silinda zilizopangwa kama herufi hiyo. Ukisimama ubavuni mwa ndege, safu ya silinda sita iliyo upande wako ndiyo inayokupigia kelele zaidi, na safu moja peke yake ni nusu ya noti, yaani Hz 150 kwa Merlin iliyo kwenye kikomo. Usiione kwenye kipimo ukadhani rekodi ni ya injini nyingine.

Tahadhari nyingine ni ya vifaa. Hz 72 ni eneo la sabufa. Spika za kompyuta mpakato haziwezi kuitoa, zitakudanganya kwamba propela haipo, nawe utaiongeza mpaka mwenye hedifoni nzuri aumie. Tumia hedifoni za kufunika sikio zima. Si lazima ziwe za bei mbaya.

Wenzo wa mafuta hauamui kimo cha sauti

Hapa ndipo vifurushi vingi vya sauti vinapoharibika, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Ukizoea gari, unategemea ukikanyaga mafuta sauti ipande. Ndege nyingi za kivita za wakati ule zina propela ya mwendo wa kudumu. Rubani ana nyenzo mbili: mmoja wa mafuta, unaoamua presha inayoingia kwenye silinda, na mwingine wa propela, unaoamua mizunguko. Akiweka mizunguko 2,650 kisha akasukuma mafuta, mapanga yanabadilisha pembe yake, yanauma hewa zaidi, na mizunguko inabaki 2,650. Kimo cha sauti, yaani noti yenyewe, hakipandi. Kinachobadilika ni ukubwa na ukali: ekzosi inakuwa nzito, ina makali zaidi, lakini noti ni ileile.

Kwa hiyo kwenye faili la mipangilio, kimo cha lupu (kipande cha sauti kinachojirudia) ukifunge kwenye mizunguko ya injini, na ukubwa wa sauti ukifunge kwenye presha au nafasi ya mafuta kama simuleta yako inaruhusu. Ikiwa inaruhusu lupu mbili kwa mizunguko ileile, weka moja ya injini iliyobeba mzigo na moja ya injini iliyolegea, kisha ziache zibadilishane taratibu. Merlin ikilegezewa mafuta ghafla hupukuta na kupasuka-pasuka kwenye mabomba mafupi ya ekzosi. Ukiwa na kipande hicho, kitunze.

Ndege za Wajerumani zinavunja kanuni hii, nazo zinavutia kwa sababu hiyo. Fw 190 ina kifaa kilichoitwa Kommandogerät: rubani anasukuma wenzo mmoja tu, na mashine inapanga mizunguko, mchanganyiko wa mafuta na mengineyo. Bf 109 G nayo, propela ikiwa kwenye hali ya kujiendesha, mizunguko inafuata wenzo wa mafuta. Kwa hizi, ukisukuma mafuta, kimo kinapanda kweli. Ukiipa Spitfire tabia hiyo, umeifanya ndege ya Wajerumani. Ukiinyima Fw 190, umeinyang'anya kitu chake.

Na kupiga mbizi? Watu wanataka injini ipige yowe ndege ikiteremka. Propela ya mwendo wa kudumu inajitahidi kushika mizunguko ileile, kwa hiyo kinachopanda ni upepo. Weka nguvu zako kwenye tabaka la upepo na ulifunge kwenye mwendo wa ndege, si kwenye injini. Kwenye tabaka hilohilo ndipo unapoweka mluzi wa Corsair, unaotokana na hewa kuingia kwenye matundu ya mashina ya mabawa, na king'ora cha Ju 87 Stuka, ambacho kilizungushwa na kijipanga kidogo kwenye miguu ya magurudumu. Vyote viwili vinalishwa na kasi ya hewa. King'ora cha Stuka kinacholia kwa sababu rubani ameongeza mafuta kinanichekesha.

Supachaja na tabo

Merlin ya P-51D ina supachaja ya gia mbili, 5.80 na 7.35. Maana yake ni kwamba krenki ikiwa kwenye 3,000 na gia ya juu imeingia, gurudumu la supachaja linazidi mizunguko 22,000 kwa dakika. Kwenye simuleta, ndege ikipanda hadi gia ibadilike, mluzi unapaswa kuruka juu kwa takriban asilimia 27 papo hapo huku ekzosi na propela zikibaki palepale. DB 605 haina mruko huo, kwa sababu supachaja yake inaendeshwa kwa klachi ya oili, na mluzi wake unapanda kidogokidogo kadiri ndege inavyopaa. Mluzi ufanye uwe lupu ya peke yake. Ukiuacha umeganda ndani ya lupu ya ekzosi, huna namna ya kuupandisha.

P-47 na P-38 za Wamarekani zina tabochaja, yaani supachaja inayozungushwa na gesi ya ekzosi, na gesi ya ekzosi ikishapita kwenye tabo imeshachoka. Ndege hizi zina ukali mdogo wa ekzosi kuliko unavyotegemea kwa ukubwa wa injini zake. Kijana akiniletea P-38 inayobweka kwa nguvu, namwambia ashushe ekzosi, aache propela na hewa vitangulie. P-38 ina Allison V-1710 mbili, hata hivyo usicheze lupu moja mara mbili. Ianze ya pili katikati ya faili na uiachie tofauti ya kasi ya nusu asilimia hadi moja, upate lile wimbi la kupanda na kushuka. Kwa Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza yenye Merlin nne, fanya hivyo kwa zote nne, kila moja na tofauti yake.

Rekodi nzuri na rekodi ya kutupa

Video ya maonyesho ya ndege iliyorekodiwa kwa simu ni ya kusikiliza, si ya kukata. Simu inajishusha na kujipandisha sauti yenyewe, kuna mtangazaji, kuna watoto, na ndege inapita. Kupita huko ndiko kubaya zaidi. Ndege inayokuja kwa kilomita 500 kwa saa, Hz 300 yake unaisikia karibu 500. Ikishakupita unaisikia zaidi kidogo ya 210. Simuleta yako inaufanya mchezo huo yenyewe. Ukiipa rekodi ambayo tayari ina mteremko, utaupata mara mbili.

Tafuta injini iliyofungwa chini ikiwashwa na kupandishwa, au rekodi ya ndani ya chumba cha rubani. Tovuti ya Freesound ina baadhi, na kila faili linaonyesha leseni yake. Soma kabla ya kugawa kazi yako. Pakua WAV, hata kama bando litauma na itabidi usubiri lile la usiku. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni, na ukimya huo kwenye lupu unageuka kuwa kigugumizi.

Usiamini maelezo ya faili. Pima. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua kipande ambacho mwendo hautikisiki, fungua uchambuzi wa masafa, weka saizi ya 65536 ili vilele visomeke kwa usahihi wa karibu Hz moja. Tuseme ni Spitfire ya mapanga matatu na una kilele kwenye Hz 57. Gawa kwa 3, ni 19. Mara 60, propela iko kwenye 1,140. Gawa kwa 0.477, krenki iko kwenye takriban 2,390. Sasa tafuta ekzosi: 2,390 inapaswa kukupa Hz 239. Ikiwepo, rekodi ni ya ndege iliyotajwa. Isipokuwepo, mtu amebandika jina.

Kukata lupu

Unahitaji vipande vichache tu, kwa mfano karibu na mizunguko 1,000, 1,400, 1,800, 2,400 na 3,000. Kipande kimoja ukikivuta zaidi ya asilimia 15 hadi 20 juu au chini, kinaanza kusikika cha bandia. Ndege za maonyesho leo huendeshwa kwa upole, kwa hiyo kile cha 3,000 ndicho kigumu kupatikana. Mara nyingi utakitengeneza kwa kupandisha cha 2,600 hivi. Tumia badiliko la kasi, si lile la kimo peke yake, maana la kimo peke yake linaacha ukungu.

Sekunde tatu hadi tano zinatosha. Kata pale wimbi linapovuka sifuri. Kwenye Audacity bonyeza Z baada ya kuchagua. Hilo linaondoa mlio wa "tak", lakini ekzosi na propela hazirudi mwanzo kwa wakati mmoja, kwa hiyo bado utasikia kushtuka. Dawa yake: chukua nusu sekunde ya mwisho, ilaze juu ya nusu sekunde ya mwanzo, moja ikififia nyingine ikiingia. Cheza ikizunguka huku unaosha vyombo. Kama kuna mahali mkono unasimama bila wewe kutaka, hapo kuna mshono.

Hifadhi kwa njia moja (mono), si mbili (stereo), 44,100 Hz na biti 16, kwa sauti zote za nje. Simuleta nyingi haziwezi kuipanga faili ya njia mbili mahali pake angani. Acha nafasi ya desibeli sita juu, kwa sababu tabaka zitajumlishwa.

Ndani ya chumba cha rubani ni habari nyingine. Punguza yote yaliyo juu ya Hz 2,500 hivi, acha mngurumo wa chini, na weka upepo juu yake. Kama mchezo unatambua kioo kikifunguliwa, rudisha makali hayo.

Kuwasha injini kunastahili faili lake. Bf 109 ilizungushwa kwa mkono: fundi anazungusha gurudumu zito, sauti inapanda polepole, kisha rubani anaunganisha na injini inashtuka. Spitfire Mk II na Hellcat ziliwashwa kwa katriji, mlipuko mmoja mkavu. Ukiweka mlio wa stata ya gari hapo, mimi naizima ndege.

Kwa ndege za Vita vya Kwanza sina mengi, ila hesabu yake ni tamu. Zile Sopwith 807 ambazo Waingereza walizileta kisiwa cha Niororo mwaka 1915 kuitafuta manowari ya Königsberg kwenye delta ya Rufiji, joto letu likazishinda, zilikuwa na Gnome Monosoupape: silinda tisa zinazozunguka zenyewe pamoja na propela, bila gia. Kwa mizunguko 1,200, ekzosi ni Hz 90 na propela ya mapanga mawili ni Hz 40. Rubani alikuwa akiikata cheche ili kupunguza nguvu, kwa hiyo unahitaji mlio unaokatika na kurudi, si unaoshuka.

Kuingiza kwenye mchezo

Kwenye simuleta za zamani za familia ya Microsoft, kila ndege ina folda ya sound na ndani yake sound.cfg. Ukilifungua ukakuta mstari mmoja tu wa alias, ndege inaazima sauti ya ndege nyingine, na hapo ndipo unakuta Zero ya Wajapani ikilia sauti ya Corsair. Futa alias, andika sehemu zake. Mstari wa rparams unapanga kimo, vparams unapanga ukubwa, na kila mmoja ni jozi za namba. Viewpoint 1 ni ndani, 2 ni nje. Simuleta mpya zina majina mengine na mafaili mengine, lakini maswali ni yaleyale: kimo kinafuata nini, ukubwa unafuata nini, msikilizaji yuko wapi.

Jaribu ukiwa umezima muziki na redio. Ruka sawa kwa mizunguko 2,400, rekodi sauti ya mchezo wenyewe, irudishe Audacity, na upime vilele. Kwa Spitfire Mk I tuliyoihesabu hapo juu unataka 240 na 57. Ukipata 250 na 60, kuna namba kwenye rparams imepanda. Ishushe kidogo na urudie. Nakala ya folda ya asili iweke pembeni kabla hujagusa chochote, na ukienda kuruka mtandaoni irudishe kwanza, kwa sababu seva nyingi hukagua mafaili na kukufungia nje likibadilika hata moja.